Mgongo Wangu Uliitwa Kiburi

Nimekaa kwenye kiti chenye egemeo, nimeweka mto nyuma ya kiuno, na mlango uko wazi ili Mama anione kutoka jikoni. Dawa nimemaliza. Nilidhani siku nitakayomaliza nitaandika kwa furaha, lakini mkono bado unasita. Mimi si msemaji. Darasani nikiulizwa swali ninalolijua, moyo unakwenda mbio mpaka jibu linanipotea. Ndiyo maana nina daftari, na mengi ya hapa nimeyatoa humo. Nayaandika upya kwa ajili ya mwenzangu ambaye mgongo unamuuma sasa hivi na hajamwambia mtu. Najua yupo, kwa sababu mimi nilikuwa hivyo.

Naitwa Kokugonza, nyumbani Koku. Kwetu ni Buganguzi, Muleba. Tunaishi ndani ya kibanja, migomba mbele na kahawa nyuma: mimi, Baba, Mama, na Bibi mzaa Baba ambaye nyumba yake iko hatua chache kutoka yetu.

Maumivu yalianza wakati wa kuchuma kahawa, nikiwa kidato cha pili. Yalikuwa katikati ya mgongo, mahali ambapo mkono haufiki vizuri, wala kutoka juu wala kutoka chini. Nikasema ni ndoo. Kila mtu kwetu akiumwa mgongo anasema ni ndoo, au ni mkungu wa ndizi aliobeba jana. Jioni nilipata joto la mwili na asubuhi lilikuwa limeondoka. Sketi ya shule ikaanza kuzunguka kiunoni. Mama akaikunja akaipiga pini, akasema nakua kwenda juu.

Kilichonisaliti ni salamu.

Kwetu mtoto wa kike hamsalimii mkubwa akiwa amesimama. Unapiga magoti, unainamisha kichwa na mgongo, macho chini, unasubiri ujibiwe ndipo unyanyuke. Nimefanya hivyo tangu najua kutembea. Sasa magoti yalikuwa yanashuka vizuri tu, ila mgongo ulibaki wima kama mwimo wa mlango. Kila nilipojaribu kuinama, kitu kilinichoma hadi kifuani. Basi nikawa napiga magoti nikiwa nimenyooka, macho mbele.

Bibi ndiye aliyeona kwanza.

"Hee! Huyu ananisalimia au ananipima urefu?"

Shangazi zangu wawili waliokuwepo wakacheka.

"Shule imemkausha shingo," mmoja akasema. "Hawa wa sekondari siku hizi wanasalimia kama wanapiga picha ya kitambulisho."

Baba hakucheka. Baba ni mtu wa heshima sana, kanisani anakaa benchi la mbele. "Toka nje," akaniambia. "Rudi. Anza upya."

Nikatoka, nikarudi, nikapiga magoti. Mgongo wima.

"Anza upya."

Nilirudia mara nne. Mara ya nne nilitoa machozi, na Bibi akasema, "Waitu, jamani, mwacheni, kiburi hakitoki kwa siku moja." Kumbe Baba alilichukua neno hilo kama kazi. Kila asubuhi kabla ya shule ilibidi niende kwa Bibi kumsalimia, naye Baba anasimama mlangoni kutazama kama nimeinama. Niliinama kidogo, nikiuma mdomo. Siku zilivyokwenda, hata hicho kidogo kikawa hakipatikani.

Utauliza kwa nini sikusema naumwa. Nilisema, mara moja, kwa sauti ndogo. Baba akajibu, "Ukiambiwa kuchuma kahawa unaumwa, ukiambiwa kusalimia unaumwa." Nikanyamaza. Mtu mwenye haya akijibiwa hivyo mara moja inamtosha mwaka mzima. Shuleni nako walinipa cheo. Kwa jinsi nilivyokuwa natembea, wavulana wa nyuma waliniita Sajenti. "Sajenti, legeza! Paredi imeisha!"

Mama alinitetea kwa namna yake, akanipeleka kwa mzee mmoja anayechua viungo. Alinilaza kifudifudi, akapaka samli, akakandamiza kwa kiganja na baadaye kwa goti. Nilisikia kitu kikisogea ndani. Sijui kama kilisogea kweli au ni hofu. Baada ya hapo sikuweza kulala chali wiki nzima, na Mama alipokuwa ananiogesha mgongo kwa maji ya moto aliweka kidole mahali pamoja.

"Hapa pana kinundu," akasema. "Kilikuwepo?"

Sikujua. Nani anajua mgongo wake ulivyo?

Huenda tungeendelea hivyo. Lakini ulipofika msimu wa senene, wale panzi tunaowala, alikuja Bi Zaituni. Huyu ni mama wa Kashai, Bukoba mjini, ana duka dogo pale na huja kwetu kuchukua ndizi za kuuza. Zamani alikuwa mhudumu wa wodi ya watoto, anafagia, anabadilisha mashuka. Siku hiyo watu wote walikuwa nyasini wanaokota senene asubuhi, mimi peke yangu nimebaki uani, kwa sababu kuokota ni kuinama. Nikamkaribisha, nikapiga magoti kwa namna yangu ile. Nikangoja aseme neno la kuudhi.

Alinitazama tu. Kisha funguo zake zikaanguka. Nilimwona akiziachia makusudi.

"Niokotee, mwanangu."

Nilishuka kama ninavyoshuka siku zote: mkono mmoja juu ya paja, magoti taratibu, mgongo haujakunjika, mkono mwingine unapapasa chini bila mimi kutazama. Kunyanyuka ilikuwa kazi. Mikono yangu ilipanda juu ya mapaja yangu mwenyewe, hatua kwa hatua, mpaka nikasimama. Nikampa funguo. Hakuzipokea. Alikuwa anatazama nyuma yangu, alipokuwa amesimama Mama na kikapu cha senene.

"Mama Koku, mimi si daktari," akasema. "Nimefagia wodi miaka mingi, basi. Lakini mtoto aliyekuwa anaokota kitu namna hii, daktari alikuwa hamrudishi nyumbani. Alikuwa anamlaza siku hiyo hiyo."

"Baba yake anasema ana kiburi."

"Kiburi kinakaa hapa?" Bi Zaituni akanigusa kile kinundu juu ya blauzi, kidogo sana, na bado nikaruka. "Kesho nikirudi mjini narudi naye. Mwambie baba yake, akikataa aje anizuie barabarani."

Baba hakuzuia. Alibeba begi langu mpaka kwenye gari, akaliweka, akasimama pale akiurekebisha mkanda wa begi ambao haukuwa na shida yoyote.

Kuhusu foleni ya eksirei hospitalini Bukoba, nilipokwenda na Mama, sitasema mengi, isipokuwa hili: benchi halina egemeo. Nilikuwa nasimama, nakaa, nasimama. Mama alikuwa anasali rozari kwa midomo bila sauti, na kila mlango ulipofunguliwa midomo inasimama. Kando yetu kulikuwa na mama mwenye mtoto wa miaka kama mitano, naye ana kinundu, kikubwa kuliko changu, analala begani mwa mama yake kwa sababu hawezi kukaa. Mama yangu na yule mama walikuwa wanatazama, kila mmoja mgongo wa mtoto wa mwenzake.

Tulisubiri siku kadhaa, vipimo juu ya vipimo, sindano moja ya kuchukua majimaji mgongoni ambayo sitaieleza. Halafu daktari wa mifupa, kijana mpole mwenye sauti ndogo kama yangu, akatuambia ni kifua kikuu cha uti wa mgongo.

Mama akasema, "Lakini hakohoi."

"Kinaweza kukaa kwenye mfupa, mama. Pingili mbili zimeliwa. Kinatibika kwa vidonge, mwaka mzima bila kuruka siku. Dawa ni bure." Kisha akanigeukia mimi, jambo ambalo watu wazima huwa hawafanyi. "Kokugonza, kazi yako ni miguu. Ikianza kuwa mizito, au ukihisi ganzi, usisubiri tarehe ya kliniki. Njoo siku hiyo hiyo. Uti ukibanwa tutafikiria upasuaji Mwanza, na tukichelewa unaweza usitembee."

Katika maneno yote hayo nilishika mawili tu: upasuaji, usitembee. Mengine yaliingia baadaye.

Nilianza vidonge siku hiyo. Mkojo ukawa rangi ya chungwa, nikapiga kelele chooni, nesi akaja mbio kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Ndiyo dawa hiyo, usiogope. Ikiwa ya kawaida ndiyo uniite." Nikafungwa mkanda mgumu wa mgongo, kutoka kwapani hadi nyongani, unaoacha alama nyekundu mbavuni. Kwa kuwa barabara ya Muleba ingenitikisa, iliamuliwa nikae Kashai kwa Bi Zaituni. Mama akawa anakuja na kurudi, nusu yake kwangu, nusu kibanjani.

Nyumbani mambo yalikuwa mazito. Watu wote tuliokaa nao walitakiwa kupimwa. Baba na Mama walikuwa salama. Bibi alikataa. Alikuwa na kikohozi cha muda mrefu ambacho sisi tulikizoea kama tunavyozoea jogoo. "Mnataka mseme nimemuua mjukuu wangu," alimwambia Baba. Baba alimbembeleza siku tatu, siku ya nne akampigia magoti. Nimesimuliwa na Mama, mwanamume mzima, mbele ya mama yake. Bibi akaenda. Alikuwa na kifua kikuu, cha mapafu. Akaanza vidonge kama vyangu, rangi ile ile. Daktari alisema hakuna anayeweza kujua kwa hakika nilikipata kwa nani. Bibi hakutaka kusikia hilo. Alinitumia ujumbe kwa Mama: "Mwambie Koku nimeacha kunywa rubisi." Pombe ya ndizi ameipenda maisha yake yote. Nikatuma kusema asante.

Sasa nafika mahali nisipopapenda.

Mwezi wa tatu wa dawa nilikuwa nimenenepa kidogo, joto la jioni limekwisha, kila mtu anasema Koku amepona. Haya hapa yameandikwa kwenye daftari:

"Jumanne. Mguu wa kushoto ni kama umevaa soksi. Sijavaa soksi.

Alhamisi. Ndala imetoka mguuni nikaendelea kutembea bila kujua. Bi Zaituni akasema, Koku, ndala yako iko kwenye kizingiti. Nikasema nimeiacha makusudi.

Jumamosi. Nimejikwaa mara mbili. Nimesema nimechoka.

Jumapili. Nikisema watanipeleka Mwanza. Nisiposema labda itaondoka yenyewe."

Bi Zaituni aliniuliza kila asubuhi akinipa vidonge, "Miguu?" Nami kila asubuhi nikamjibu, "Mizuri." Siku tisa. Sikuwa na sababu nyingine ila woga. Nilikuwa nimesikia kwenye foleni mtu akisimulia habari ya ndugu yake aliyepasuliwa na kurudi kwenye kiti cha magurudumu, sikujua alikuwa na ugonjwa gani wala alipasuliwa wapi, lakini kile kiti nilikiona kila nikifumba macho. Nilikuwa nachezesha vidole vya mguu chini ya shuka nikivihesabu. Siku ya nane, kidole kikubwa cha kushoto nilikiamuru kikachelewa. Kikasogea, lakini kilichelewa.

Siku ya tisa ilikuwa tarehe ya kliniki. Mama alikuwa amekuja. Daktari akauliza, "Miguu?"

"Mizuri."

Akaandika. Mama akaanza kukusanya karatasi. Nilisimama, nikafika mlangoni, mkono ukiwa kwenye kitasa. Sauti haikuwepo kabisa, sijui ilikwenda wapi. Nikarudi, nikatoa daftari kwenye mfuko, nikalifungua ukurasa wa Jumanne, nikaliweka juu ya meza yake, nikageuka ukutani.

Alisoma. Nilimsikia akigeuza ukurasa.

"Panda kitandani," akasema. "Vua viatu. Sukuma mkono wangu kwa mguu. Sukuma. Zaidi." Halafu, "Unasukuma?"

"Nasukuma."

Mama aliona uso wa daktari kabla ya kuelewa chochote. Alipoelewa hakupiga kelele. Alisema, "Siku tisa, Koku? Nimekufunga viatu asubuhi hii. Nimekifunga kiatu hicho kwa mikono yangu." Akakaa chini sakafuni, mama yangu ambaye hawezi kukaa hata kwenye nyasi bila kutandika kanga.

Nilisafirishwa Mwanza nikiwa nimelazwa. Kipimo kilionyesha usaha umekaribia uti na kuubana upande mmoja. Madaktari wa huko walizungumza na wa Bukoba, na katika mazungumzo hayo sikuwepo. Tulisubiri jibu kwenye korido siku mbili. Mama alikuwa amenikasirikia na hakuwa na pa kuiweka hasira hiyo, akawa ananichana nywele kwa nguvu, anasuka, anafumua, anasuka tena. Jibu likaja: wasipasue kwanza. Niendelee na dawa, nilale chali bila kuketi, miguu ipimwe kila baada ya siku mbili. Nguvu ikipungua hata kidogo, kisu. Ikiwa imesimama palepale, tungoje.

Nilirudishwa Kashai, nikalala hivyo wiki sita. Dari ya Bi Zaituni ina alama za maji kumi na moja. Ilikuwa Ramadhani. Alikuwa anaamka kupika daku, na kwa sababu vidonge vyangu ni vya tumbo tupu, aliniletea kabla uji haujaiva, kisha yeye anakula daku na kufunga, nami ndipo nakula. "Leo tumegawana," alisema. "Mimi naanza saumu, wewe unaimaliza." Alinihudumia kwa beseni bila kukunja uso. Lakini kwa muda mrefu hakuniuliza tena "Miguu?" Alifunua shuka akapima mwenyewe, anakwaruza unyayo kwa kucha na kutazama. Hakuniamini. Hilo lilinichoma kuliko mkanda. Siku moja nikamwambia, "Bi Zaituni, niulize."

"Nikuulize ili unijibu mizuri?"

"Kushoto bado ganzi mpaka kwenye enka. Jana ilikuwa mpaka juu ya enka."

Alikaa kitandani. "Haya," akasema. "Hilo ndilo jibu."

Ganzi ilishuka hivyo, taratibu mno, kama maji yanayonywewa na udongo mzito. Kuna siku ilirudi juu kidogo na hatukula. Baba alikuja wakati wa mvua za masika, akasimama mbele ya kitanda na kofia mkononi. Akasema, "Nilikuwa nakuambia uanze upya." Nikasema, "Ndiyo, Baba." Akakaa mpaka jioni akinimenyea machungwa. Nilikula yote ingawa sikuwa na hamu.

Nilisimama tena watu wameanza kuchuma kahawa. Nilitembea kama ndama, mkono mmoja kwa Mama mmoja kwa ukuta. Mtihani wa kidato cha pili ulikuwa umeshanipita, nikarudi nyumbani na kurudia darasa na watoto niliowaacha nyuma. Senene walipokuja tena nikameza vidonge vya mwisho, na nesi akaandika neno la kumaliza kwenye kadi yangu. Bibi alikuwa amemaliza miezi mingi kabla yangu na hakohoi.

Kinundu kipo. Daktari amesema hakitaondoka, na kwa kuwa bado nakua natakiwa kupigwa picha kila baada ya miezi sita, maana mgongo unaweza kuendelea kupinda. Shuleni bado kuna wanaoniita Sajenti, ila siku hizi mmoja wao hunibebea kiti kutoka maabara. Nina hofu. Sitamdanganya mtu kwamba hofu iliisha pamoja na vidonge. Ukiwa na mgonjwa nyumbani, usimwambie umeshapona sasa acha kuwaza. Muulize tu, halafu ukubali jibu.

Na wewe unayeumwa, sijui nikushauri nini kikubwa. Kama huwezi kusema, andika. Mpe mtu karatasi. Kugeukia ukutani kunaruhusiwa.

Leo asubuhi, kabla ya kuanza kuandika haya, nilikuwa nimekaa muda mrefu mguu mmoja chini ya mwingine. Nilipousogeza ule wa kushoto haukuwepo. Nilijua ni kukaa vibaya, kila mtu hupata hivyo, na sauti ya zamani ikaniambia, subiri kwanza, usimtishe Mama bure.

"Mama," nikaita. "Mguu wa kushoto una ganzi."

Alikuja na kisu cha kumenyea ndizi mkononi, utomvu bado vidoleni. Hakuuliza ni tangu lini. Alikaa kwenye mkeka, akauchukua mguu wangu akauweka mapajani mwake. Tukautazama. Nje mtu alikuwa anapita akisalimia, na sote wawili hatukumwitikia. Ikapita dakika, labda mbili. Kisha sindano ndogo ndogo zikaanza kwenye kisigino, zikapanda, zikauma vizuri kabisa.

"Vipi?" akauliza Mama.

"Unawasha."

"Unawasha wapi? Nionyeshe."

Nikamwonyesha kidole kimoja kimoja, na kwa kila kimoja akaitikia.